Bangili ya Kizunguzungu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, nilimwonea mdogo wangu wivu kwa sababu alikuwa mgonjwa. Wajerumani walikuwa wanapitisha reli yao Gulwe, baba amechukuliwa kwenda kubeba mataruma ya kulalia reli hiyo, na nyumbani tulibaki na mama, mimi na Mbeleje.

Mbeleje alishikwa na kizunguzungu. Alikuwa akisimama tu, anadaka nguo ya mama na kusema ardhi inageuka. Mama alimfukiza majani chini ya shuka, haikusaidia. Akampeleka kwa mtu wa misheni, akapewa unga mchungu uliomtapisha siku nzima. Mwishowe akaitwa mganga, mzee mpole aliyenuka ugoro. Alitazama, akauliza maswali mengi, kisha akasema si ugonjwa. Ni marehemu bibi, mama yake baba, anataka jina lake liitwe tena.

Basi akachinjwa kondoo mweusi. Mbeleje akapakwa mafuta ya kondoo huyo kwenye paji la uso, akavishwa bangili ya shaba ya marehemu. Tangu siku hiyo alikuwa Bibi. Majirani walimwamkia kwa adabu, na mama, ambaye marehemu alikuwa mkwewe, alimwita mtoto wake mwenyewe Mama.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka salama," anajibu yule mwenye miaka sita, na ini, nyama ya wazee, liko mkononi.

Kazi hakufanya tena, kwa kuwa nani angemtuma mkwe wake? Vibuyu vya maji nilibeba mimi, ndama nilichunga mimi. Kizunguzungu kikapungua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana lilithibitisha kwamba marehemu alimtaka yeye. Mimi niliyezaliwa kwanza hakunitaka.

Siku moja nikaenda nyuma ya zizi, nikazunguka na kuzunguka mpaka nikaanguka. Nikajikokota hadi kwa mama huku natapika kweli. Mganga aliporudi nikamwambia nimeota bibi kizee akisema, "Bangili yangu mmempa asiye wangu." Kwetu ndoto ya mtoto haibishaniwi. Nilimkazia macho usoni bila kupepesa, naye akamgeukia Mbeleje na kumwomba bangili. Mbeleje akaivua, akanivisha mwenyewe.

Nilikuwa Bibi kwa siku tatu. Sitadanganya, zilikuwa siku tamu.

Siku ya nne mtama ulitakiwa kuanikwa juu ya paa bapa la tembe letu. Zamani ningepanda mimi, lakini Bibi hapandi juu ya paa. Akapanda Mbeleje. Nilikuwa nimekaa kivulini nasukwa nywele nilipomwona amesimama ukingoni, ameinua mkono kama anayetafuta nguo ya kushika. Akaanguka. Nyonga ikavunjika, na mguu ule haukunyooka tena maisha yake yote.

Watu walisema marehemu amekasirika kwa kuhamishwahamishwa. Bangili ikarudishwa kwa Mbeleje, nami nikawaacha waamini hivyo. Nilikuwa mtoto, lakini si mtoto wa kutojua nilichofanya.

Nimezeeka sasa, na sijui kama marehemu alikuwemo katika jambo lile. Ninachojua ni kwamba dawa iliyomfaa mdogo wangu ilikuwa kukaa chini, kula vizuri na kuheshimiwa, na mimi nilimnyang'anya dawa hiyo nikampandisha juu ya paa. Yeye hakuolewa. Mimi niliolewa, nikazaa saba, na watoto wangu walimpenda yeye kuliko mimi.

Mwaka juzi tulikuwa tunapeta uwele, nikamwambia yote. Alisikiliza huku anaendelea kupeta.

"Nilijua, dada," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Mwenye kizunguzungu hatazami watu usoni namna ile."

"Na bangili ukaivua."

"Ulikuwa huniongeleshi tena. Nilikuwa nakulilia kila siku, wala hukuona. Nikasema, akiipata labda tutacheza."

Akapuliza makapi, akaniomba nimsogezee ungo mwingine. Nilimsogezea. Miaka yote hiyo nilidhani nilimwibia bangili, kumbe alinipa. Na Mungu anisamehe, hata kwa moyo wake ule nilimwonea wivu.