Sungura wa Wake Wenza

Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitenge mwenye nyumba mbili: yetu hapa Lubumbashi, na nyingine Mokambo, mpakani, kwa mke wake wa pili. Alipofariki, wadogo zake walikutana, wakanywa chai, wakaamua kwamba mjane wa Mokambo, ambaye hakujaliwa mtoto na nyumba yake ilikuwa ya kupanga, ahamie kwetu. Mama hakuulizwa. Mimi, binti pekee niliyebaki nyumbani, niliagizwa kufagia chumba.

Mama mdogo, ndivyo nilivyomwita, aliteremka kwenye kamio, lori la abiria, na begi moja na katoni yenye matundu. Ndani yake mlikuwa na sungura dume, mweusi. Mama naye alikuwa na wake, jike la kijivu alilolifuga barazani, na ole wake aliyelitazama kama kitoweo. Nilidhani sungura wangewapa la kuzungumza.

Mama ni mtu wa adabu. Kwake mgeni haachwi nje, awe nani. Basi alimtoa yule mweusi katonini, akamtia moja kwa moja katika kizimba cha jike lake, na majani ya viazi vitamu ya kumkaribishia.

"Baache bazoeane," alisema.

Hajafunga hata mlango, manyoya yalikuwa yanaruka. Mama mdogo alimwokoa wake akiwa na sikio lililochanika.

"Yaya, kama sungura yangu haina nafasi hapa, miye pia sina," alimwambia Mama, kwa heshima ya dada mkubwa. "Siku ya posho nitapanda kamio, nirudie Mokambo."

Jumamosi hiyo ilikuwa karibu, na sote tulijua kwamba Mokambo hakuna aliyemngojea. Mama alinyamaza. Nakujua kunyamaza kwake: ni kumwonyesha mtu njia bila kunyanyua mkono. Nilikasirika, zaidi na wale waliokunywa chai.

Nilimpeleka sungura kwa daktari wa mifugo. Alishona sikio huku akicheka.

"Mulimuingiza mu nyumba ya mwenziye siku ya kwanza? Ile ni bugeni ya bantu, hapana ya banyama. Sungura anapiganaka juu ya nyumba yake."

Akamhasi pia, akaagiza asisafiri wala asikutanishwe na jike mpaka wiki kadhaa zipite, apone kabisa. Safari ya Mama mdogo ikasogezwa mbele. Haikufutwa.

Tuliweka vizimba viwili barazani, karibu lakini si karibu kiasi cha kung'atana. Kila asubuhi niliwabadilishania matambara yao ya kulalia, kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake. Walilishwa wakati mmoja, kila mama upande wake, kimya. Jambo hilo lilinichoma. Sungura waliandaliwa polepole, kwa harufu na kwa chakula. Wale wajane wawili walifunguliwa mlango tu.

Kisha daktari alitaka wakutane mahali pasipo pa yeyote. Kwetu palikuwa bafuni peke yake. Nilisugua saruji, nikaweka viti viwili vifupi, nikampa kila mama taulo nene la kuwatenganishia sungura wakianza vita. Tangu msiba, mama zangu hawakuwahi kukaa karibu hivyo.

Sungura walikimbizana, wakapeana migongo, wakajifanya hawaonani. Tulirudia siku baada ya siku, kidogo kidogo. Siku moja jike la Mama lilimsogelea yule mweusi, likalaza kichwa chini, mbele ya pua yake. Alinusa, akaanza kulilamba paji la uso.

"Anaomba musamaha?" Mama mdogo aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Daktari alinieleza. Anayeinamisha kichwa ndiye mkubwa. Anataka kutunzwa."

"Kumbe," alisema Mama, na taulo likabaki mapajani.

Tuliwahamishia katika kizimba kipya, wakalala wameegemeana. Sikio lilikuwa limepona, na begi la Mama mdogo lilikuwa limefungwa tayari.

Ijumaa alasiri niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Mama mkekani, kichwa kimeinama kati ya magoti ya mke mwenzake, anasukwa. Tangu mazishi hakuna mkono uliokuwa umegusa nywele zake. Nilisimama pale na mboga zangu. Nikauliza kama nimtafutie Mama mdogo taksi ya kesho, ya kumfikisha kwenye kamio.

Mama mdogo aliendelea kusuka. Mama hakuinua kichwa.

"Akienda," alisema, "miye nitasukwa na nani?"