Koo la Kiyoyozi

Miaka kumi na minane alibeba ngazi ya mumewe. Mume ndiye aliyeitwa fundi wa viyoyozi. Kazi yake yeye ilikuwa kushika tochi, kuosha machujio na kuambiwa kichwa chake kizito. Siku mume alipohamia kwa mke mpya alikomba spana zote, bisibisi zote, na wateja. Ngazi haikuingia garini, ndiyo pekee iliyobaki. Watu wakacheka: mwanamke asiyejua hata kusoma, ngazi ataifanyia nini?

Aliipanda. Nyumba ya kwanza, ya pili, hadi akawa fundi wa nusu mtaa.

Asubuhi moja akaitwa na bibi mwenye jengo la ghorofa nne. Kiyoyozi cha chumbani kwake kilikuwa kikimwagia kitanda maji, na fundi wa jengo alishatoa hukumu: mashine imekufa. Fundi huyo hakuwa mwingine ila yule yule mume.

"Mwanangu, ukikiponya, viyoyozi vya jengo zima nakukabidhi," bibi alisema. "Ukishindwa, mumeo ataleta kipya leo jioni."

"Si mume wangu tena, bibi."

"Basi usishindwe."

Kwanza alizima umeme kwenye swichi ya ukutani, maana rimoti hulaza mashine tu, umeme unabaki macho. Akafungua mfuniko. Chujio safi. Akapapasa mabomba ya ndani, hakuna barafu.

"Kinapoza?"

"Mpaka najifunika. Tabu yangu ni kulala na ndoo."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Na wiki mbili zilizopita, kitu gani kilibadilika hapa?"

Bibi akafikiri. "Labda mpangaji wa chini. Yule mshonaji ndipo alipohamia."

Swali kama hilo mumewe hakuwahi kumuuliza mtu. Yeye aliingia, akaamua, akaondoka. Hata nyumbani kwake.

Mwanamke akaomba kikombe cha maji, akayamimina polepole kwenye kisinia cha ndani kinachokinga matone. Yalitakiwa yatoke nje kwa bomba. Yalijaa, yakatulia, kisha yakaanza kuteremka ukutani. Mashine ilikuwa nzima, yenye afya. Koo ndilo lililozibwa.

Akashuka. Bomba lilitokeza juu ya kibaraza cha mshonaji, na mdomo wake ulikuwa umeshindiliwa kitambaa, kikafungwa uzi kwa ufundi mkubwa.

"Dada, hii kazi yako?"

"Yangu. Lilikuwa linadondoshea nguo za wateja kama limetumwa. Nimeliziba, ubaya uko wapi?"

"Ubaya unalala na mwenye nyumba kitandani."

Mshonaji akashika mdomo. "Shoga yangu, usinitaje. Sijamaliza hata kufungua mizigo."

"Nipe mkasi."

Kitambaa kilipotoka, maji yalimrukia mpaka kifuani. Lakini hakuishia hapo. Kuzibua na kuondoka ni kujialika tena wiki ijayo, mchezo alioupenda mumewe. Aliunga mpira wa maji kwenye bomba, akaupitisha pembeni hadi kwenye mfereji, mbali na nguo za watu. Akapanda juu, akamimina kikombe kingine. Maji yakashuka bila ubishi. Akarudisha mfuniko, akawasha umeme.

"Kilizibwa na nini?" bibi akauliza.

"Kitambaa."

"Cha nani?"

"Hakikuniambia."

Bibi akamtazama, akacheka kifuani, akachukua simu.

"Usilete mashine," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Iliyokufa imefufuka. Na ufunguo wa darini urudishe, nina fundi mwingine."

"Fundi gani huyo?" Sauti ilisikika chumba kizima.

"Unamfahamu. Ulikaa naye miaka mingi, hukumjua."

Simu ikakatwa bila kuaga, na kwa hilo mwanamke hakushangaa. Akaokota vyombo vyake.

"Tuanze na mlango upi, bibi?"

"Kaa kwanza," bibi akasema, akimsogezea kiti chini ya hewa ya baridi. "Milango haikimbii."

Akakaa. Blauzi ilikuwa bado imelowa kifuani, na baridi ikamwingia vizuri.