Divai Kavu ya Kalisti Mgogo

Kalisti alikuwa seremala pale Songwa, Usukumani, lakini yeye Mgogo wa upande wa Bihawana, Dodoma. Kuisema vibaya Dodoma mbele yake ilikuwa kujitafutia maneno. Angekuacha chai ipoe mkononi akikueleza jinsi mzabibu unavyoipenda ardhi ile ya mchanga na mvua yake haba, na kwamba kwao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Watu walicheka, yeye akaendelea kupiga randa.

Mwaka sabini na sita alimposa Paskazia, binti wa mzee Makoye, mfugaji. Binti alikubali. Aliyesita ni mzee. Utani wa Wasukuma na Wagogo tunaujua, lakini safari hii mzee hakuwa anatania.

"Mwanangu akale nini huko kwenu? Vumbi?"

"Jumapili, baba, nitakuletea kinywaji cha hilo vumbi," Kalisti akajibu. "Ukikikataa, sitabisha hodi hapa tena."

Nilikuwapo, maana siku hizo nililala kwa yeyote aliyenipokea, na mwezi ule alinipokea Makoye.

Divai ilikuja kwa treni. Jumapili asubuhi, akienda misani, Kalisti alipitia nyumbani akamkabidhi chupa kadhaa mama yake Paskazia, Apolonia.

"Shikamoo mama. Hii ni divai nyeupe. Ni kavu."

"Marahaba." Kijana alipoondoka, mama akanigeukia. "Kavu?"

Nami nilijua nini? Kwa Wasukuma kitu kikavu, iwe michembe ya viazi au udaga wa muhogo, hulowekwa kwanza. Basi mama akazilaza chupa zote ndani ya chungu kikubwa cha maji, kivulini, akarudi kwenye nyama ya mbuzi aliyokuwa akiwapikia wageni wa siku ile.

Kalisti aliporudi alikuta karatasi za chupa zinaelea. Nikadhani atalia. Akaishika chupa moja, akaiweka shavuni.

"Mama, nani kakufundisha?"

"Si umesema ni kavu? Nimeiloweka."

Kijana alicheka hadi akaegemea ukuta. Akatueleza kwamba divai huitwa kavu kwa kuwa haina utamu wa sukari, na kwamba nyeupe hunywewa ikiwa baridi. Pa kuipoza ndipo alipokuwa amekosa.

Tukakaa kula. Makoye akapiga funda moja, akakunja uso.

"Mbona chachu? Ndiyo maana hata karatasi imekataa kukaa nayo!"

Wageni wakaangua kicheko. Paskazia, aliyekuwa akigawa nyama, akasimama palepale na sinia mkononi.

Kalisti hakutetereka. "Kula kwanza hilo pande la mbavu lenye mafuta, baba. Halafu unywe."

Mzee akatafuna, kidevu kinang'aa. Akanywa. Akauma tena, akanywa tena, safari hii bila kukunja uso.

"Inaosha mafuta," akasema polepole. "Kinywa kinakuwa kipya, mtu anataka kuanza kula upya. Kumbe Wagogo mnajua kukamua vumbi?"

"Tunajua, baba."

"Haya. Ng'ombe utaleta kama wanaume wengine, usije ukadhani chupa zinaingia kwenye mahari. Siku ya kuwaleta, njoo na wazee wako."

Paskazia akaliweka sinia mbele yangu mimi nisiyehusika, akakimbilia jikoni. Punde tukasikia kigelegele cha mama yake.