Wimbo Nilioununua kwa Mabati

Juzi nikiwa Makambako nasimamia upakiaji wa viazi, dereva wangu aliyetoka Njombe alishuka garini akaniambia, "Bosi, yule mwalimu wa kwaya wa misheni hatunaye. Kifua." Niliwaambia wapakiaji waendelee, nikaenda kusimama peke yangu nyuma ya lori. Wasomaji wangu mnanijua: darasa la nne, nikaanza na baiskeli na gunia moja la viazi kutoka kijijini Kichiwa, leo nina malori matatu. Mali ya mtu haijawahi kuninyima usingizi. Lakini marehemu huyu nilimwonea wivu miaka yote, naye hakuwa na kitu.

Tuliingia kwaya pamoja tukiwa vijana. Mimi besi niliikariri kwa jasho. Yeye wimbo akiusikia mara moja anaandika nota za sauti zote nne. Alitunga, akafundisha, akapiga kinanda, na malipo yake yalikuwa debe la mahindi wakati wa mavuno na maneno ya "Mungu atakulipa." Ilipokuja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, kila kazi ilipata bei mpya. Fundi cherehani alipandisha, mbeba mizigo wa stendi alipandisha, hata mwosha magari. Yeye alibaki na debe lake. Na angepanda kwenda wapi? Ukishakuwa mwalimu wa kwaya umefika, na hapo ulipofika hapana mshahara.

Tulipojiandaa kuzindua kanisa jipya nilimfuata nyumbani kwake. Ilikuwa masika, nyasi za paa zimeoza, maji yanadondokea sufuria sebuleni. Nikamwambia, "Mwalimu, tunga wimbo wa uzinduzi, ila chini uandike jina langu. Nakupa mabati ya nyumba nzima."

Akacheka. "Bosi, do na re unazijua wewe?"

"Najua bei ya bati."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Baba, mpe! Utatunga mwingine. Watoto wanalala na ndoo."

Akasogeza sufuria chini ya tone jingine, kisha akauliza, "Na misumari?" Nikasema na misumari.

Wimbo ulipendwa mpaka Iwawa, kule mbali milimani. Paroko alitaja jina langu, vigelegele vikapigwa, kaseti zikauzwa stendi. Lakini siku moja mama mmoja wa sauti ya kwanza alinikuta sokoni na wenzake, akanisalimu kikwetu. "Kamwene, mtunzi! Haya, tuanzishie basi." Nilishindwa hata kushika sauti. Walicheka mpaka vikapu vikawaponyoka. Wivu ukanirudia upya, safari hii kwa wimbo nilioulipia mwenyewe.

Kwenye mazishi, kiongozi wa kwaya alitangaza, "Kwa heshima ya bosi aliyefika, tumsindikize mwalimu wetu kwa wimbo wa bosi." Wakauimba juu ya kaburi lake. Mjane alinitazama, akangoja. Neno moja tu lingetosha. Nikajifanya nafuta miwani.

Basi nalisema hapa: wimbo ule ni wake, wote, na nimemwomba paroko afute jina langu kwenye nota. Dereva wangu ana mshahara na likizo, ingawa usukani wake haujawahi kumtoa mtu machozi kama nyimbo za mwalimu. Kama kwenu yupo anayewatungia na kuwafundisha, mpangieni mshahara angali hai, na jina lake mliandike. Mkimwacha abanwe na shida ataliuza jina hilo, na mnunuzi hakosekani. Mimi nilikuwa na fedha, na nililitaka.