Kona Iliyobaki Kwenye Kompyuta

Kazi yangu haina sifa. Mhandisi anachora barabara, greda linachonga, na mimi niko katikati: nachukua mchoro kwenye kompyuta, naugeuza kuwa orodha ya namba, naitia kwenye flashi, na kutoka kwenye flashi inaingia kwenye mashine ya kupimia. Mashine ndiyo inayoniambia kigingi kiingie wapi. Ofisi yetu pale Katesh ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, na mambo ya namba nilikuwa nayo mimi peke yangu.

Kwenye barabara ya kupanda Gitting kulikuwa na kona iliyopita palepale penye nyumba ya mkulima mmoja mzee. Mhandisi aliiona kwenye mchoro, akaagiza isogezwe chini, upande wa korongo. Niliisogeza mimi, na ilinimalizia asubuhi nzima. Njaa ilikuwa inaniuma, na mimi nikiwa na njaa nina kisirani, basi nikatoa orodha ya namba haraka haraka nikaenda kula.

Asiyezijua programu hizi anadhani ukivuta mstari kila kitu kinaufuata. Hakifuati. Mstari unasogea, namba zinabaki za zamani mpaka uiagize kompyuta izihesabu upya, na sikuiagiza. Kwenye kioo cha kompyuta niliona kona mpya, nzuri kabisa. Kwenye flashi nilibeba ile ya zamani.

Kesho yake tulipiga vigingi. Kimoja kiliangukia mlangoni pa mzee, kingine nyuma ya jiko lake. Nyumba ile niliijua kama kisanduku kidogo kwenye mchoro, sikuwahi kuiona kwa macho, kwa hiyo nilijiambia hii ni nyumba nyingine. Mashine ilisema niko sawasawa, na watu wa kazi yangu tuna ugonjwa wa kuiamini mashine kuliko macho yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa hiyo ndiyo inapita hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye mkutano walisema itapita kule korongoni."

"Vipimo ndivyo vinavyosema hivi, mzee."

Hakubishana. Aliuliza tu greda linakuja lini. Nikamwambia wiki ijayo, nikafunga mashine yangu.

Siku nne baadaye nilikuwa nakadiria udongo wa kujaza pale konani, na hesabu ikawa haikubali. Niliweka mistari yote miwili, mpya na ya zamani, kwenye kioo kimoja. Vigingi vyetu vilikuwa kwenye ule wa zamani. Sikumpigia simu mtu yeyote, nilichukua pikipiki nikapanda.

Nyumba haikuwa na paa. Mzee alikuwa ameezua mabati mwenyewe ili greda lisije kuyaharibu, ameyapanga chini kwa ukubwa, na misumari ameinyoosha kwa jiwe na kuijaza kwenye kopo la rangi. Kitanda kilikuwa kimehamia kwenye ghala, katikati ya magunia ya mahindi. Mvua ya jana yake ilikuwa imelowesha kuta za tofali mbichi, na upande wa mashariki kipande cha ukuta kilikuwa kimeshuka.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika nikasema mengine.

"Mzee, nyumba yako haibomolewi. Kuna makosa yalifanyika huko ofisini. Vigingi nakuja kuving'oa."

Hakukuwa na uongo ndani ya maneno hayo. Nilisimama nikisubiri matusi, na kwa kweli niliyataka. Mzee alinitazama, kisha akamwita mkewe kwa sauti. Mama alipoelewa alikaa chini kwenye rundo la mabati akalia, na mzee akanishika mkono.

"Wengine wangekaa kimya, mwanangu," alisema. "Wewe umepanda mpaka huku kutuambia."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ni mimi. Nilifungua mdomo nikauliza kama wana nyundo ya pili.

Mama alisema kwanza tuombe. Tulisimama ndani ya zile kuta, bila paa, mimi katikati yao. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba. Alimshukuru kwa ajili ya mtoto huyu aliyemtuma, akimaanisha mimi. Kisha akashusha sauti.

"Na yule aliyekosea huko ofisini, Baba, usimhesabie kosa hili."

Mzee akaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina.