Bati Nyuma ya Oveni

Generosa, ambaye Masumbwe nzima inamwita Mama Masalu, alioka mikate kwa mkaa miaka kumi na tisa. Wachimbaji walishuka nayo kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, asubuhi, imefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Jambo moja aliwaimbia wanawake wa kikundi chake cha waokaji mpaka wakalikariri: upepo ukiingia kwenye oveni, mkate umekufa. Oveni yake ya mkaa aliizungushia mabati, na kila kitundu akakiziba kwa udongo.

Basi kikundi kikanunua oveni ya umeme, kubwa kama kabati, ya trei tano. Siku ya kwanza Generosa alichungulia kwenye kioo akaona unga unapeperuka juu ya mikate. Kule nyuma, ndani ya wavu, feni ilikuwa inazunguka. Feni, ndani ya oveni. Hakumwambia mtu. Kesho yake aliwahi kabla ya wenzake, akakata kipande cha bati, akakibandika kwenye ule wavu. Alipowasha, feni yenyewe ikalivuta bati na kulishikilia. Akaona hata mashine imekubaliana naye.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Mikate ya nyuma iliungua, ya katikati ikatoka mibichi, na mara nyingine oveni ilijizima yenyewe katikati ya kazi. Wachimbaji wakairudisha mikate. Generosa hakuweza kuishuku mikono yake mwenyewe, akamshuku Hosiana, Mama Nelly, aliyekuwa akikanda unga.

"Mama Nelly ana mikono ya baridi," alisema mbele ya kikundi kizima. "Unga ukishaguswa na mikono ile hauivi."

Hosiana akatolewa kwenye unga, akapewa kuosha trei. Siku moja aliuliza, "Mama Masalu, hili bati huku nyuma ni la nini?"

"Wewe osha trei."

Akaosha. Wiki tatu.

Mikate ikazidi kuwa mibaya, ndipo wakamwita fundi Marwa kutoka Geita. Alisalimia, "Shikamooni mama zangu," akafungua mlango, akaingiza kichwa, akatoka na kipande cha bati cheusi kwa masizi.

"Hili limewekwa na nani? Limeuziba upepo wa kuivisha mikate."

Martina, mwenyekiti wa kikundi, akasema, "Humo anayesafisha ni Mama Nelly."

Wote wakageuka kutazama nje, ambako Hosiana alikuwa ameinamia karai. Generosa alijua ni wakati wa kusema. Badala yake akauliza, "Lakini baba, uji wa moto ukiupulizia unapoa. Sasa upepo utaivishaje mkate?"

Marwa akacheka kidogo. "Uji unapoa kwa sababu pumzi yako ni ya baridi kuliko uji. Hapa upepo ndio wenye moto. Tazama." Akafungua skrubu, akautoa wavu. Koili za umeme zilikuwa zimeizunguka feni kama bangili. "Feni inavuta hewa ya katikati, inaipitisha kwenye koili, inairusha pembeni, inapita juu na chini ya kila trei, halafu inarudi kuchukua moto tena. Mkate mbichi umejifunika kiblanketi chembamba cha hewa ya baridi. Upepo unakivua. Ukiziba hapa, hewa haizunguki. Koili zinajipikia zenyewe, na moto ukizidi, swichi ya usalama inakata."

Akaliweka bati mezani. Upande mmoja bado ulionekana rangi ya bluu, ile ile ya mabati yaliyozunguka oveni ya mkaa ya Generosa. Hakuna aliyeitambua ila yeye. Angeweza kunyamaza, na habari ingeishia kwa Hosiana. Masikio yalimwaka moto kuliko koili.

"Ni langu," alisema kwa sauti ndogo.

"Unasemaje, Mama Masalu?" Martina akauliza.

"Bati ni langu. Mimi ndiye niliyeziba. Mama Nelly aliniuliza, nikamfokea. Mikono yake haina kosa."

Marwa alijifanya anatafuta skrubu. Generosa angeshukuru kama wangemtukana. Walimtazama tu, wanawake aliowafundisha yeye kuwasha moto.

Alichukua beseni la unga, akatoka nalo nje. Akapiga magoti kando ya karai, mtu mzima wa wajukuu wanne.

"Mama Nelly. Nimekuchafulia jina. Umesikia huko ndani?"

"Nimesikia." Hosiana hakuinua macho.

"Unga huu hapa. Kanda wewe."

Hosiana akasugua kona ya trei kwa waya wa kusugulia, taratibu, mpaka ikang'aa. Zilibaki trei mbili.

"Nimalize hizi kwanza," alisema.

Generosa akaweka beseni chini. Akavuta trei moja upande wake, akaanza kusugua.