Ujumbe wa Siki na Spiriti

Wanafunzi walimwita mhadhiri wao Mama Harufu, na mumewe, fundi cherehani, hakulipenda jina hilo hata chembe. Lakini angesema nini? Mkewe alirudi kila jioni akinuka siki kama aliyeogea achari.

Kazi ya mama huyu ilikuwa kutuma maneno kwa molekuli, bila waya wala mawimbi. Upande huu wa meza kinyunyizio, upande ule kihisi harufu, na katikati hewa tulivu ambamo molekuli zilijitawanyikia zenyewe hadi zifike. Alitaka siku moja vyombo vidogo mno viambiane hivyo ndani ya mwili, vionyeshane penye ugonjwa.

"Si vipigiane simu?" mumewe aliuliza.

"Simu haiingii kwenye mshipa wa damu, baba watoto."

Kila herufi aliiandika kwa moja na sifuri, kama kompyuta. Mwanzoni alitumia wingi: spiriti nyingi ni moja, kidogo ni sifuri. Ikashindikana. Molekuli ni kama wageni wa harusi. Wengine huaga kisha wakabaki mlangoni. Za herufi ya kwanza zilizubaa hewani, zikachanganyika na za pili, na neno "njoo" likatoka upuuzi mtupu. Akabadili: spiriti ni moja, siki ni sifuri. Sasa neno lilifika salama, ingawa kwa mwendo wa kinyonga.

Mkuu wa kitivo akamleta mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, aliyejipulizia manukato ya kutosha ukoo mzima. Hata hajakaa, skrini ikajaa moja, moja, moja.

"Inasema nini?"

"Imekutambua kuwa namba moja, mheshimiwa," mkuu alidakia.

"Hapana," alisema Mama Harufu. "Manukato yana spiriti. Imekunusa tu."

Mkuu akakohoa. Mwenyekiti alikuwa ameshasikia alichotaka. Haukupita muda, mama akapewa chumba kipya chenye kibao cha shaba na kiyoyozi kisichozimika. Upepo wake ukasomba molekuli zote hadi koridoni. Kihisi hakikupata hata salamu.

Alilia kidogo, kwa hasira. Kisha akahamishia vyombo kwenye stoo ya mafagio, akaanza njia nyingine: ujumbe ukae katika muda kati ya mnyunyizo na mnyunyizo, si wingi wala aina. Chumba kipya mkuu alikifanya cha kupokelea wageni.

Jumamosi mumewe alikuja na mabaki ya vitambaa, akaziba mwanya chini ya mlango wa stoo. Akakaa kando ya kihisi.

"Nisipumue?"

"Pumua, ila elekea ukutani."